Pilates: maumivu si kipimo cha zoezi

Ujumbe ule unazunguka tena kwenye magrupu ya WhatsApp ya Moshi na Arusha: anayeanza Pilates, yale mazoezi ya taratibu ya kuimarisha misuli ya tumbo na mgongo, akisikia kiuno kinauma asiache, abane pumzi aendelee, eti ndiyo dalili mafuta ya tumbo yanayeyuka. Si kweli.

Misuli iliyofanyishwa kazi huchoka na hutetemeka. Kesho yake au keshokutwa hukaza, kama ya mtu aliyeshika jembe baada ya miezi mingi. Hiyo hupungua yenyewe. Maumivu makali kwenye kiungo, au yanayoshuka mguuni na kuleta ganzi, ni habari nyingine: acha, na ukamwone daktari. Watu huchanganya kwa sababu yote mawili tunayaita "kuuma" tu.

Jipime mwenyewe. Lala chali kwenye mkeka, kunja magoti, nyayo zikanyage sakafu. Inua mguu mmoja taratibu ukihesabu kwa sauti hadi kumi. Sauti ikikatika, umebana pumzi, na hilo hupandisha presha kwa muda. Kiuno kikijipinda na kuachana na mkeka, zoezi limekuzidi. Rudisha mguu chini, hakuna aibu. Na tumbo? Kulifanyisha mazoezi huimarisha misuli yake, hakuchagui mafuta ya pale peke yake.

Mjamzito, aliyejifungua karibuni na mwenye tatizo la diski za uti wa mgongo waulize kliniki kabla ya kuanza. Ujumbe huo ukikufikia usiusambaze, hata kama umetumwa na shangazi.