Kwa nini jino moja huzibwa tu, na jingine likatibiwa hadi mzizini?

Watu wawili wanaweza kufika kliniki moja asubuhi moja, kila mmoja na gego lililotoboka, na kwa macho matundu yenyewe yakafanana. Mmoja anazibwa jino na kuondoka baada ya nusu saa hivi. Mwenzake anaambiwa lake haliwezi kuzibwa tu, litatibiwa mzizi, huenda arudi tena, na bei ni mara kadhaa ya ile ya kwanza. Hapo ndipo shaka inapoingia. Kwa nini daktari asizibe tu?

Jibu haliko kwenye ukubwa wa tundu. Liko kwenye kiini cha jino, ile nyama laini ya katikati yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Daktari anatafuta jambo moja: uozo ukiondolewa, kiini kitapona chenyewe? Kama bado kina uwezo huo, jino linazibwa. Kama kimeshashindwa au kimekufa, kuliziba ni kuufungia ugonjwa ndani.

Gamba la nje la jino, enameli, ndicho kitu kigumu kuliko vyote mwilini, na halina fahamu. Bakteria wanaokula sukari iliyobaki mdomoni hutoa asidi inayolimomonyoa kwa miezi, hata miaka, bila mwenye jino kusikia lolote. Chini yake kuna dentini, yenye vinjia vyembamba mno vinavyoelekea kwenye kiini. Uozo ukifika hapo ndipo unaanza kushtuka ukinywa maji baridi. Sumu za bakteria hupenya vinjia hivyo na kukifikia kiini kabla bakteria wenyewe hawajawasili, nacho huvimba. Mguu ukivimba, ngozi hutanuka. Kiini kimezungukwa na kuta ngumu pande zote, na damu yake hupita kwenye upenyo mdogo ulio nchani mwa mzizi. Uvimbe ukizidi, shinikizo linapanda, damu safi inapungua, na kiini kinaanza kufa kipande kwa kipande.

Kwamba bakteria ndio chanzo cha matatizo yote haya kulionyeshwa wazi mwaka 1965 na mtafiti Kakehashi na wenzake wawili nchini Marekani. Walitoboa magego ya panya hadi ndani kabisa na kuyaacha wazi. Kwa panya wa kawaida, nyama ya ndani ilikufa na kufanya usaha. Kwa panya waliolelewa mahali pasipo na kijidudu hata kimoja, ilibaki hai na kujijengea dentini mpya juu ya jeraha, ijapokuwa mabaki ya chakula yalijazana tunduni. Jino lina uwezo mkubwa wa kujiponya kuliko tunavyolidhania, ilimradi bakteria watolewe na wazibiwe njia mapema.

Sasa daktari anajuaje hali ya kitu asichokiona? Tazama kipimo cha baridi. Anapulizia kipande cha pamba gesi ya baridi kali, anakigusisha kwanza kwenye jino zima la jirani ili uijue hisia ya kawaida, kisha kwenye jino bovu. Ukishtuka na maumivu yakaisha mara pamba inapotolewa, hiyo ni dalili njema: kiini kimekasirika lakini kinaweza kutulia. Maumivu yakiendelea kuvuta kwa nusu dakika na zaidi, kuna uwezekano mkubwa kwamba hakitarudi katika hali yake. Usiposikia chochote, huenda kimekufa. Baada ya hapo anagongagonga jino taratibu kwa mpini wa kioo chake. Likiuma kwa kugongwa, uvimbe umeshafika kwenye tishu zinazoushika mzizi. Picha ya eksirei huonyesha uozo umekwenda kina gani na kama mfupa wa nchani mwa mzizi umeanza kuliwa, ila siku za mwanzo inaweza kuonekana safi kabisa ilhali kiini kinateketea. Ndiyo maana hakuna kipimo kimoja kinachotosha.

Maelezo yako mwenyewe nayo ni kipimo. Maumivu yanayokuja bila kula wala kunywa, yanayokuamsha usiku na kuzidi ukilala, chai ya moto inayoumiza kuliko maji baridi, au kushindwa kusema ni jino lipi hasa: yote hayo huelekeza kwenye mzizi. Mweleze daktari hata asipouliza.

Hatari inayowanasa wengi ni maumivu kukoma ghafla. Mtu amekesha siku tatu, ya nne anaamka mzima, anashukuru na kufuta safari ya kliniki. Mara nyingi mishipa ya fahamu imekufa, basi. Bakteria wamebaki, wanateremka mzizini polepole, na baada ya wiki au miezi linatokea jipu kwenye ufizi au shavu linavimba.

Wapo pia wanaokimbilia duka la dawa kununua amoksilini na flajili. Dawa hizo husafiri kwa damu, na kiini kilichokufa hakipitiwi na damu. Zina kazi yake pale maambukizi yanapoenea usoni au homa inapopanda, lakini hata hapo chanzo lazima kiondolewe. (Uvimbe ukishuka shingoni, au ukaanza kupata shida ya kumeza au kupumua, nenda hospitali saa hiyo hiyo.) Karafuu ya Pemba aliyokupa bibi kweli hutuliza, kwa sababu ya yujinoli iliyomo, na madaktari wa meno huichanganya yujinoli hiyo na oksidi ya zinki kutengeneza kizibo cha muda. Haiui uozo, hata hivyo.

Tukirudi kwenye kuziba. Zamani ilionekana lazima kukwangua kila chembe ya uozo. Siku hizi, tundu likiwa refu na kiini kikiwa hai, daktari anaweza kuacha kwa makusudi tabaka jembamba la dentini laini juu ya kiini, akasafisha kingo vizuri na kuziba barabara. Bakteria waliofungiwa humo hukosa chakula na kudhoofika. Afrika Mashariki ina mchango wake hapa: katikati ya miaka ya 1980, Tanzania ndiko ilikoanzia mbinu ya kusafisha uozo kwa vifaa vya mkono tu, bila umeme, kisha kuziba kwa saruji, ambayo siku hizi huwa ni ya glasi-ayonoma inayoshikana na jino na kutoa floridi. Shirika la Afya Duniani liliingiza saruji hiyo kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Kituo cha afya kisicho na mashine kubwa bado kinaweza kuokoa jino, mradi ufike mapema.

Kati ya kuziba na kutibu mzizi kuna njia ya tatu ambayo wagonjwa wengi hawaambiwi: kuondoa sehemu ya juu tu ya kiini iliyoharibika na kuifunika iliyobaki hai kwa saruji maalumu. Ilizoeleka kwa meno ya watoto, lakini sasa inakubalika hata kwa baadhi ya watu wazima. Uliza kama jino lako linafaa.

Likiwa halifai, unachomwa ganzi, na kwa kawaida jino lenyewe hutengwa kwa mpira mwembamba ili mate yasiingie. Daktari anatoa kiini chote, anasafisha mifereji ya mizizi kwa visindano vyembamba na dawa ya aina moja na jiki, kisha anaijaza kwa utomvu mgumu uitwao gata-pacha. Jino la mbele mara nyingi lina mfereji mmoja. Gego la kwanza la juu huwa na mitatu au minne, na mfereji ukisahaulika ugonjwa unaweza kurudi. Hapo ndipo muda na gharama vinapoongezeka. Bajeti yako iwe na nafasi ya kofia ya jino pia, maana gego lililotibiwa mzizi limepoteza sehemu kubwa ya kuta zake na hupasuka kirahisi. Kama mzizi wenyewe umepasuka, kung'oa ndiko kunakobaki.

Daktari akikuambia, "Tuzibe kwanza tuangalie," hajakosa msimamo. Amekipa kiini nafasi ya kupona, na jino lililozibwa linaweza bado kutibiwa mzizi baadaye. Kushtuka kidogo na baridi kwa siku au wiki chache baada ya kuziba tundu refu ni kawaida, mradi kunapungua. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, yakakuamsha usiku, au jino likauma ukitafuna, rudi kliniki usingojee tarehe uliyopangiwa.