Ennanga haikosei, simu ndiyo isiyoijua

Naletewa ennanga nyingine "mbovu", kinubi cha Waganda, mwenyewe ananionyesha mshale mwekundu wa programu ya kulinganisha sauti kwenye simu. "Mwalimu, hii haipandi do-re-mi." Haipandi kwa sababu haikuundwa ipande!

Oktava ya ennanga ina hatua tano. Oktava hupimwa kwa senti 1200, vipimo vidogo vya kimo cha sauti. Gawanya kwa tano, unapata 240, na simu yako inatambua 100, 200, 300 za piano. Lazima ilalamike. Vitabu huandika hiyo 240 kana kwamba mafundi wa Lubiri, makao ya Kabaka, mfalme wa Buganda, walipima kwa rula. Sikubaliani navyo kabisa: vinubi na marimba vilivyopimwa vinapishana, hatua hii pana, ile finyu. Wimbo ukihamishwa hatua moja ubaki wimbo uleule, hilo tu ndilo sikio linalolidai. Bila hilo hakuna miko, yaani kuuhamisha wimbo hatua kwa hatua, na hakuna amadinda, marimba ya Waganda.

Tena mikono miwili hupokezana, nota ya kulia, nota ya kushoto, kwa kasi, mpaka msikilizaji anasikia wimbo ambao hakuna kidole kilichoupiga. Mtafiti wa muziki Gerhard Kubik, aliyejifunza amadinda kwa mwanamuziki Evaristo Muyinda kuanzia 1959, alieleza jambo hili kwa kirefu. Ukilazimisha nyuzi zifuate piano, sikio linapanga makundi mengine ya nota, na ule wimbo wa katikati unapotea. Hiki ndicho kinachoniuma, kwa sababu anayeupoteza hajui kwamba ulikuwepo.

Pete za ngozi ya mjusi msizing'oe. Zimewekwa ili uzi uvume.

Anayetaka kupiga pamoja na ala ya do-re-mi, kama dalsima, ala ya nyuzi inayogongwa kwa vijiti, achukue adungu, kinubi kingine cha Uganda. Siku hizi nyingi hulinganishwa kwa hatua saba, makanisani zimejaa, na zinapendeza.

Najua kwa nini vijana wanakimbilia simu. Lubiri iliposhambuliwa Mei 1966, wanamuziki wa Kabaka walitawanyika, na sikio la ennanga hurithiwa kwa kukaa karibu na mpigaji. Basi kaa karibu na rekodi za Temutewo Mukasa, mpiga ennanga ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Imba naye kwanza. Kisha shika nyuzi zako nane: wa kwanza na wa sita, wa pili na wa saba, wa tatu na wa nane. Oktava hizo zikikaa safi, zilizobaki zitafute kwa koo lako, na simu uiweke mfukoni.