Usingoje mtihani uishe: maswali ya wanafunzi wa udaktari kuhusu kuchoka kupita kiasi

Nimechoka tu. Huo nao ni ugonjwa?
Shirika la Afya Duniani, katika ICD-11, orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, haliuhesabu uchovu huu wa kupita kiasi (burnout) kuwa ugonjwa. Ni hali inayoletwa na msongo wa kazi wa muda mrefu usiodhibitiwa: nguvu zinakwisha, kazi inakukinaisha, unajiona hufai. Uchovu wa kawaida huisha ukilala vizuri siku mbili tatu; huu hauishi. Ukiona mgonjwa kwako amebaki "yule wa kitanda cha sita", nawe huna haja ya jina lake, jua umeanza.

Si nimalize mtihani kwanza, ndipo nipumzike?
Hapana. Ngoja-ngoja hii ndiyo inayotuletea wanafunzi walioshindwa hata kuamka kitandani. Ukitoka wodi ya watoto kuna upasuaji, kisha uzazi. MBChB, shahada ya udaktari, hapa Uganda ni miaka 5, halafu mwaka mzima wa intanshipu, yaani mafunzo ya kazi hospitalini. Huo "mwisho" unaoungoja uko wapi?

Lakini zimebaki wiki tatu tu!
Hapana, hata ikibaki wiki moja. Ubongo huimarisha ulichosoma wakati umelala, kwa hiyo anayekesha anasoma na kumwaga. Lala saa 7. Funga daftari kila baada ya dakika 50, usimame. Siku moja kwa juma, nusu yake isiwe na kitabu wala wodi.

Vinywaji vya kuongeza nguvu je?
Havikupi nguvu, vinaficha usingizi. Kafeini ya saa nne usiku, karibu nusu yake bado imo mwilini saa tisa. Mwisho wako wa kunywa kafeini uwe saa nane mchana. Diazepamu ya kutafutia usingizi usiiguse bila daktari: inazoesha mwili, na ikichanganywa na pombe inaweza kuzuia pumzi. Na tafadhali, acheni kumeza dawa za malaria kila kichwa kinapouma. Pimeni damu kwanza mjue kama ni malaria. Wanafunzi wa udaktari, jamani!

Niende kwa nani, na lini?
Majuma mawili ya kukosa usingizi, kulia bila sababu au kukwepa wodi yanatosha: nenda kwa mshauri nasaha wa chuo au kliniki ya afya ya akili. Ukihitaji kuahirisha muhula, barua ya daktari itakusaidia. Yakikujia mawazo ya kujiua, nenda leo hii Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, au hospitali yoyote iliyo karibu, hata kama ni usiku. Mwenzako akikwambia hivyo, usimwache peke yake, mpeleke. Mtihani wa kesho hauhesabiki hapa.