MRI ya shingo ikitoka safi, uti wa mgongo haujabanwa?

"MRI yangu haikuonyesha kitu, kwa hiyo uti wa mgongo uko salama."

Dhana hii ndiyo inayonisumbua kuliko zote. MRI ya kawaida, yaani picha ya ndani ya mwili inayochukuliwa kwa sumaku, hupigwa mtu akiwa amelala chali, shingo imenyooka, ametulia tuli. Picha hiyo ni ya kweli, lakini ni ya mkao huo mmoja tu. Akiinua uso kutazama dari, mfereji wa mifupa unaopitisha uti (hapa nina maana ya kamba ya neva iliyo ndani, si mifupa yenyewe) hupungua nafasi: kano iliyo nyuma yake hulegea na kujikunja kuingia ndani, na disiki, ile sahani laini iliyo kati ya pingili na pingili, nayo huweza kutokeza kutoka mbele. Uti wenyewe hufupika na kunenepa kidogo, yaani unahitaji nafasi zaidi pale pale nafasi inapopungua. Akiinama kidevu kikagusa kifua, mfereji hupanuka, ila uti huvutika na kukazwa juu ya vinundu vya mfupa vilivyoota mbele yake. Mfereji wa shingo ya mtu mzima huwa na takriban milimita 17 kutoka mbele hadi nyuma. Mwenye chini ya 13 hana akiba ya kutosha kumudu mabadiliko hayo.

Ndiyo maana kuna MRI ya mikao: shingo imenyooka, imeinama, kisha imerudishwa nyuma. Si video, kama wengi wanavyodhani. Kwa kawaida ni picha tulivu za kila mkao. Faida yake huonekana wazi katika ugonjwa wa Hirayama, ulioelezwa Japani mwaka 1959. Kijana, mara nyingi wa kiume, anakonda misuli ya kiganja, na picha ya shingo iliyonyooka inaweza kuonekana sawa kabisa. Akiinamisha kichwa, utando mgumu unaofunika uti husogea mbele na kuugandamiza kwenye pingili.

"Eksirei za kuinama na kuinua shingo zinatosha." Hizo huonyesha pingili ikiteleza juu ya mwenzake. Uti hauonekani humo.

"Shingo haiumi, nichunguzwe nini?" Uti ukibanwa, mara nyingi dalili hujitokeza mikononi na miguuni: kifungo cha shati kinagoma kuingia tunduni, funguo zinaponyoka, miguu inakuwa mizito. Wengine huhisi kama umeme ukishuka mgongoni wanapoinama. Mweleze daktari dalili zinakuja ukiwa katika mkao gani, kwani hilo ndilo litakalomwonyesha picha ipi aombe.

"Picha ikionyesha umebanwa, ni kisu." Hapana. Wapo wenye picha za namna hiyo wasio na dalili yoyote. Daktari huilinganisha na nguvu za mikono, mwendo, na jinsi viungo vinavyoitika anapogonga kwa nyundo.

Usalama nao huulizwa sana. Mgonjwa hukunja shingo mwenyewe, polepole, na akihisi ganzi au udhaifu anasema, zoezi linasimama hapo hapo. Aliyevunjika shingo, au anayeshukiwa kuwa pingili zake hazijashikamana, haikunji kabisa mpaka daktari bingwa aamue.