Njia ya miguu na baiskeli ya kilomita 240: kazi kubwa iko kwenye ardhi, kokoto baadaye

Kazi yangu ni njia za waenda kwa miguu na baiskeli, na swali ninaloulizwa sana na wenzangu wa nyumbani ni kilomita moja inagharimu shingapi. Swali zuri ila linakuja mapema mno. Kabla ya bei kuna ardhi ni ya nani, nani atakubali watu wapite, na kile kipande cha katikati ambacho mwenyewe hataki kuuza utakifanyaje, maana njia ya kuunganisha miji ikikatika sehemu moja tu basi haijaunganisha kitu. Ndio maana kila nikiulizwa nawapeleka watu kwenye Great Allegheny Passage ya Marekani, kwa sababu pale historia yote ya mradi iko wazi kuanzia mwanzo mpaka mwisho na unaona kabisa muda ulipotelea wapi.

Njia yenyewe inaanzia Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, inaishia Cumberland, Maryland, kama kilomita 240. Pikipiki na magari marufuku. Ukifika Cumberland unaunga na ile njia ya pembeni ya mfereji wa zamani wa Chesapeake and Ohio unashuka nayo mpaka Washington, jumla karibu kilomita 540, na watu wanaimaliza kwa baiskeli, wengine wazee kabisa.

Wazee wanawezaje? Jibu ni reli. Sehemu kubwa ya njia hii imepita juu ya tuta la reli iliyoachwa, na treni ya mizigo haipandi mlima mkali, kwa hiyo wale mafundi wa zaidi ya miaka mia iliyopita walishakata vilima, wakajaza mabonde, wakajenga madaraja na mahandaki ili mteremko ubaki mdogo. Upande wa Pittsburgh unapanda kidogo kidogo kwa zaidi ya kilomita 200, miguu hata haistuki. Upande wa Cumberland ndio mkali zaidi, unapanda kama mita 540 ndani ya kilomita 38 hivi, na bado wastani uko chini ya asilimia 2, yaani kwa kila mita 100 unazokwenda hupandi hata mita 2. Mtu wa kiti cha magurudumu anapita, mama mwenye kigari cha mtoto anapita. Ukianza kuchonga njia mpya milimani kupata mteremko kama huo, bajeti inakwisha hujafika popote.

Sasa kuhusu ardhi. Kwenye bonde la mto ambalo njia inapita kulikuwa na kampuni mbili za reli zilizojenga kila moja upande wake wa mto, zinashindana, baadaye zikawa chini ya kundi moja na ikaonekana hakuna haja ya reli mbili sambamba, basi mwaka 1975 reli ya Western Maryland ikaachwa. Na hapa ndipo korido nyingi za reli, yaani ule ukanda wa ardhi reli ilipopita, zinapofia, kwa sababu kampuni mara nyingi haikuwa na umiliki kamili wa ardhi, ilikuwa na haki ya kupitisha reli tu, reli ikiondoka ile haki inakwisha na kila jirani anachukua kipande chake. Baada ya miaka kumi kuna shamba hapa, nyumba pale, mtu kajenga banda katikati ya tuta. Kuirudisha haiwezekani tena.

Marekani walilitambua tatizo hili wakatunga sheria mwaka 1983: kama kuna taasisi iko tayari kuichukua korido na kuitunza kama njia ya watu, basi kisheria inahesabika reli haijaachwa, imehifadhiwa tu, siku ikihitajika tena itarudi. Wenye ardhi wengine walipinga, kesi ikafika Mahakama ya Juu kabisa ya nchi, na mwaka 1990 ikaamua sheria ni halali, ila mwenye ardhi anaweza kudai fidia serikalini. Kwa maoni yangu mimi hiyo ndiyo sehemu bora kabisa ya mfumo wao, kuliko hata pesa zao. Lakini ona tarehe: Western Maryland ilishaachwa miaka minane kabla ya sheria. Kilichookoa ni shirika la uhifadhi, Western Pennsylvania Conservancy, lililonunua korido ya eneo la Ohiopyle mwaka 1978 wakati hakuna hata uhakika kama njia ndefu itakuja kuwepo. Walinunua kwanza, matumizi yakafuata.

Kipande cha kwanza kilifunguliwa 1986 hapo hapo Ohiopyle, kama kilomita 15 tu. Na mimi nasema walichagua vizuri, kwa sababu Ohiopyle tayari ilikuwa na hifadhi, maporomoko na wageni, kwa hiyo kipande kifupi kilijaa watu toka mwanzo, halafu vijiji vya juu na chini ya mto vikaanza kuuliza na sisi je? Hapo huhitaji tena kumshawishi mtu kwa michoro, unamwambia nenda ukaone. Ndio maana huwa nawashauri watu wasianze na kile kipande kigumu ili kumaliza ubishi, wala wasianze na vipande vitano kwa mpigo. Anza na kimoja kinachotumika kila siku.

Kila eneo likaunda kikundi chake cha kujitolea, wastaafu, waalimu, watu waliokuwa viwanda vya chuma na migodini kabla mambo hayajaharibika. Walikata miti, walisafisha mitaro, walipiga mbao kwenye madaraja. Mwaka 1995 vikundi saba vikaungana kuwa na mwavuli mmoja wa kutafuta fedha, lakini kila kikundi kikabaki na kipande chake. Huo mpango naupenda sana. Mfadhili anaongea na ofisi moja, huku aliyefyeka nyasi ni yule anayeishi pale, akiona mti umeanguka leo kesho ana msumeno.

Na msidhani hii ni mambo ya wenye hela tu. Makete, kule nyanda za juu kusini mwa Tanzania, kuanzia miaka ya 80 kulikuwa na mradi wa usafiri vijijini ambao waligundua safari nyingi za kaya haziendi barabarani kabisa, zinapita kwenye vijia vya kwenda shamba, kisimani, kuni, mashineni, na mzigo mwingi uko kichwani kwa mama. Basi wakatengeneza vijia vyenyewe na vivuko vya miguu, wanakijiji wakatoa nguvukazi, na punda wakahamasishwa kubeba mizigo. Mimi naona Makete inastahili kufundishwa kwenye kila darasa la uhandisi wa barabara hapa kwetu, na haifundishwi vya kutosha.

Turudi Allegheny, kwenye pesa kubwa. Madaraja na mahandaki. Daraja la Salisbury karibu na Meyersdale lina urefu wa mita 580 hivi na liko juu kama mita 30 kutoka bondeni, likafunguliwa kwa watu 1998. Handaki la Big Savage lina kama kilomita moja ndani ya mlima, maji yalikuwa yanapenya, kuta zinabomoka, ukarabati ukala dola milioni 12 hivi, na mpaka leo wakati wa baridi kali wanafunga milango pande zote mbili ili barafu isipasue kuta. Njia ilifika Cumberland 2006 baada ya handaki hilo kufunguka. Maji, maji, maji! Ukiniuliza adui wa njia ni nani sitakutajia baiskeli wala farasi (kuna sehemu chache farasi wanaruhusiwa), ni maji yaliyokosa pa kwenda. Ile njia imewekwa mawe ya chokaa yaliyosagwa laini na kushindiliwa, yanashikana vizuri na hayaumizi magoti, lakini kama hukuipa njia mgongo kidogo ili maji yateremke pembeni, na kalavati (mabomba ya kupitisha maji chini ya njia) zimeziba, mvua moja inaondoka na kazi yote.

Kipande cha mwisho kilikuwa kifupi tu, kiko karibu kabisa na mji wa Pittsburgh, pembeni ya bustani ya michezo ya maji, kati ya reli inayotumika na mto. Kikafunguliwa 2013. Hesabu kuanzia 1978. Miaka 35, na kilichoburuza muda mjini ni makubaliano na wenye ardhi pamoja na mashirika ya reli. Kwa hiyo kipande kigumu anza kukizungumzia siku ya kwanza hata kama utakijenga siku ya mwisho.

Jambo jingine, njia kupita karibu na mji haina maana mji utafaidika. Reli zilijengwa kando ya mto, maduka yako juu huko, mwendesha baiskeli anapita na njaa yake hajui kuna mgahawa mita mia tatu kutoka hapo. Toka 2007 kuna programu ya miji ya njiani, West Newton, Connellsville, Rockwood, Frostburg na mingine, kazi yake ikiwa vibao, sehemu za kufungia baiskeli, njia safi ya kutoka tutani mpaka barabara yenye maduka, na kuwasaidia watu kufungua nyumba za wageni na karakana za baiskeli. Vitu vidogo hivyo viwekwe kwenye michoro toka mwanzo, visisubiri bajeti ya awamu ya pili.

Na kwenye bajeti hiyo hiyo weka mstari wa matunzo kabla hujatangaza tenda: nani anafyeka, nani anazibua kalavati kabla ya masika, nani analipia kokoto za kurudishia kila baada ya miaka kadhaa. Andika jina la kikundi au ofisi mbele ya kila kazi. Kama hakuna jina, punguza kilomita mpaka zote zipate mwenyewe.