Kwa nini sikio likishapasuka ndipo linaacha kuuma?

Mtoto amelia tangu saa mbili usiku, kashika sikio, homa imepanda. Alfajiri ananyamaza na kulala fofofo. Mama anashukuru Mungu, anamgeuza ubavu, anakuta foronya imelowa majimaji ya njano yenye damu kidogo. Ngoma ya sikio imetoboka, na kutoboka huko ndiko kulikokata maumivu.

Ngoma ya sikio ni utando uliofunga mwisho wa njia ya sikio, kama sentimita mbili na nusu ndani kwa mtu mzima. Upana wake ni karibu milimita 9, na wembamba wake unakaribia karatasi ya daftari. Nyuma yake kuna chumba kidogo chenye hewa, sikio la kati, na humo wamepangana vifupa vitatu: nyundo, fuawe na kikuku. Chumba hicho kinapata hewa kwa mrija mmoja mwembamba unaotokea nyuma ya pua. Mafua yakiuvimbisha mrija ukaziba, majimaji yanakosa njia, bakteria wanazaliana, usaha unajaa na kuusukuma utando kutoka ndani. Utando huo una mishipa mingi ya fahamu, na kuvutika kwake ndiko kunakomfanya mtoto apige kelele. Ukipasuka, usaha unamwagika nje na mkandamizo unashuka pale pale. Watoto wadogo wanapatwa zaidi kwa sababu mrija wao ni mfupi na umelala, hivyo vijidudu vya puani vinapanda kirahisi. Ndiyo maana pia haifai kumpa mtoto chupa akiwa amelala chali.

Utulivu huo wa asubuhi ndio unaowaponza wengi. Sikio haliumi tena, hivyo haonekani mgonjwa wa kupelekwa kituo cha afya. Usaha ukiendelea kutoka zaidi ya wiki mbili, Shirika la Afya Duniani linalihesabu sikio hilo kuwa na ugonjwa sugu, na hapo tundu huwa gumu kuziba lenyewe.

Usaha si chanzo pekee. Kofi la sikioni linatoboa kwa njia nyingine kabisa: kiganja kinafunika mlango wote wa sikio, hewa iliyomo ndani haina pa kukimbilia, na yote inagonga utando kwa mpigo mmoja. Kwa kuwa wapigaji wengi hutumia mkono wa kulia, sikio la kushoto ndilo linaloumia zaidi. Hakuna kosa la mtoto linalostahili adhabu ya namna hiyo, wala la mke au mfanyakazi wa ndani. Aliyepigwa achukue polisi PF3, fomu ya matibabu ya aliyejeruhiwa, na apimwe usikivu mapema ili madhara yaandikwe yangali mapya.

Vijiti vya pamba, njiti za kiberiti, funguo na manyoya ya kuku vina hadithi moja. Mtu anajikuna taratibu kwenye daladala, abiria wa pembeni anageuka, kiwiko kinagonga mkono. Na kazi yenyewe haikuwa na haja: ngozi ya njia ya sikio inakua kuelekea nje na kuisukuma nta yenyewe. Kijiti kinairudisha ndani.

Baharini, kila mita 10 za kina huongeza mkandamizo sawa na ule wote wa hewa ya juu ya maji. Anayezamia pweza au makome ataanza kuhisi sikio likiuma hata kwenye mita mbili. Anatakiwa abane pua na kupuliza kidogo kidogo kadiri anavyoshuka, na akihisi maumivu apande. Mwenye mafua asizamie siku hiyo, maana mrija wake hautafunguka. Mlipuko wa baruti ya kuvulia samaki nao hupasua ngoma, na mara nyingi huumiza neva za kusikia pia.

Utajuaje kama limetoboka? Sikio linavuma, sauti zinafika kama kwa mtu aliyejiziba kidole, na ukipenga kamasi unasikia hewa ikipuliza kutokea sikioni. Jaribu na hili: funga mdomo ugune “mmm”. Kama shida iko kwenye ngoma au vifupa, mguno utasikika zaidi upande ule ule mbovu, kwa kuwa sauti yako inapita kwenye mifupa ya kichwa, na kelele za nje hazifiki upande huo kuifunika. Ukisikika zaidi upande mzima, huku sikio jingine halisikii, huenda neva ndiyo iliyoumia, na hilo ni la kuwahi hospitali siku hiyo hiyo. Jibu la uhakika analo anayechungulia kwa otoskopu, kifaa chenye taa cha kuangalia ndani ya sikio.

Habari njema ni kwamba matundu mengi ya kofi au kijiti hujiziba yenyewe ndani ya wiki chache hadi miezi miwili au mitatu, mradi sikio liwe kavu. Kwa joto na jasho la Dar es Salaam, hapo ndipo kazi ilipo. Kabla ya kuoga, chukua pamba ya ukubwa wa gololi, ipake mafuta mazito ya mgando, uiweke mlangoni mwa sikio bila kuisukuma ndani. Pamba isiyo na mafuta hunyonya maji na kuyapeleka kule kule unakokukimbia. Ukimaliza kuoga itoe. Ikikaa kutwa nzima inafuga unyevu. Wakati wa kutawadha, pangusa kwa kidole chenye unyevu tu, maji yasichuruzike ndani. Kuogelea Coco Beach au Kigamboni kusubiri: maji ya baridi yakipita tunduni hadi sikio la kati huleta kizunguzungu kikali, na mtu anaweza kuzama hata kama ni fundi wa kuogelea.

Usitie mafuta ya nazi, maji ya kitunguu saumu wala maziwa ya mama. Hata matone ya duka la dawa si ya kujichagulia: yenye jentamaisini yanaweza kuharibu sikio la ndani. Daktari huandika matone ya siprofloksasini.

Sikio linalotoka usaha hukaushwa kwanza, kwa sababu dawa haipiti kwenye usaha. Sokota kitambaa safi cha pamba kiwe utambi (karatasi ya chooni inaacha vipande ndani), kiingize taratibu, kitoe kikilowa, weka kingine mpaka kitoke kikavu. Rudia angalau mara tatu kwa siku, na kila mara tia matone. Kwanza shika chupa kiganjani dakika chache ipate joto la mwili, kwani dawa ya baridi nayo huzungusha kichwa. Lala ubavu, dondosha, kisha bonyeza-bonyeza kile kinundu cha mbele ya tundu la sikio ili dawa isukumwe ndani, ukae hivyo dakika tano. Ukihisi uchungu kooni usishtuke: dawa imepita tunduni, ikashuka kwa mrija.

Tundu dogo halipunguzi sana usikivu. Kubwa linapunguza, na linaondoa jambo jingine ambalo watu hawalitarajii, yaani kujua sauti inatoka wapi. Honi ya bodaboda unaisikia, upande hujui. Kwa hiyo tazama pande zote mbili kila unapovuka, Kariakoo au kwenu mtaani. Mtoto akae mbele darasani, sikio zima likimwelekea mwalimu. Ndege, kinyume na wanavyohofia wengi, haiumizi sikio lenye tundu, maana hewa inapita pande zote.

Usaha wenye harufu mbaya usiokoma, mdomo kwenda upande, uvimbe nyuma ya sikio, au homa na maumivu makali ya kichwa, ni vya kukimbilia hospitali. Huenda ni kolesteatoma, ngozi inayoota ndani ya sikio la kati na kula mfupa, au maambukizi yanayoelekea kwenye ubongo.

Tundu lisiloziba baada ya miezi mitatu ni la daktari bingwa wa pua, koo na masikio. Hospitali ya Taifa Muhimbili ina kliniki yake. Kwa upasuaji, kipande cha utando huchukuliwa juu ya msuli wa juu ya sikio na kutandazwa kwenye tundu. Wiki za mwanzo mgonjwa hapengi kamasi, hanyanyui ndoo wala kupanda ndege, na chafya ikija anaiachia mdomo wazi, la sivyo hewa itakiinua kiraka kabla hakijashika.