Birika Lako Lina Omu Ngapi?

Kwenye soketi za majumbani Kenya, umeme wa kawaida ni volti 240. Fundi akipima birika la umeme la kuchemshia chai na mita ikaonyesha mkondo wa ampea 8, namba hizo mbili zinatosha. Gawanya volti kwa ampea upate ukinzani, yaani kiasi ambacho birika linauzuia umeme kupita, unaopimwa kwa omu: 240 kwa 8 ni omu 30. Zidisha upate nguvu: 240 mara 8 ni wati 1,920. Likiwaka nusu saa kwa siku, linakula karibu uniti moja ya tokeni.

(Mita ya kubana, ile inayopima mkondo kwa kuuzunguka waya, ishike waya mmoja tu. Ukibana kebo nzima, mkondo unaokwenda na unaorudi hufutana, ukasoma sifuri na kudhani mita imekufa.)

Hesabu ya omu inatokana na kanuni ya Georg Ohm, mwalimu wa Kijerumani aliyeichapisha mwaka 1827. Faida yake ni kwamba ukishajua omu za birika unaweza kulitabiri, kwa sababu ukinzani wa koili yake haubadiliki sana. Tuseme ni magharibi ya Ramadhani pale mtaa wa Langoni, mjini Lamu, kila jiko limewashwa, na umeme unaofika kwako umeshuka hadi volti 210. Gawanya kwa 30: ampea 7. Zidisha: wati 1,470. Volti zimepungua kwa sehemu moja ya nane tu, lakini nguvu imepungua karibu robo, kwani mkondo nao umeshuka. Maji yaliyochemka kwa dakika 5 sasa yanataka zaidi ya 6. Birika halina ubaya wowote. Usikimbilie kununua jingine.

Tatizo kubwa zaidi la Lamu ni chumvi. Hewa ya bahari hula shaba na vyuma vya plagi, na kiungo kilichoota kutu huwa na ukinzani wake chenyewe. Hata nusu omu ni hatari. Joto la mahali hapo ni mkondo mara mkondo mara ukinzani: 8 mara 8 mara 0.5, yaani wati 32. Hiyo ni kama kuacha chuma cha fundi redio cha kuyeyushia risasi kikiwaka ndani ya plagi. Plagi ikiwa ya moto mkononi, ichomoe, na usiirudishe mpaka itengenezwe.

Mashuani kutu hiyo hiyo huleta hasara ya namna nyingine. Taa ya wati 24 kwenye betri ya volti 12 huvuta ampea 2. Kwa volti 240, wati hizo zingetaka ampea 0.1 tu, na nusu omu ya kutu isingeonekana. Taa hiyo ina omu 6. Ongeza nusu omu ya kutu, mkondo unashuka hadi kama ampea 1.85, na taa inabaki na wati 20 na kidogo. Mvuvi wa Kizingitini atalaumu betri. Kwanza asafishe viungo, avikaze, avipake grisi, na waya uwe mnene.

Kwa friji na pampu, volti mara ampea hutoa namba kubwa kuliko wati halisi, kwa kuwa mota haitumii mkondo kama koili ya birika. Soma kibandiko chake. Na omu hupimwa kifaa kikiwa kimechomolewa, si vinginevyo.